Berlin Haikuangushwa na Vilabu Vyake

Kila mwaka tunapofundisha historia ya kanisa ya karne ya 20, tunajua ni lini mkono utanyooshwa darasani. Tukishataja Berlin ya kati ya vita kuu mbili, mwanafunzi mmoja atasimama na kuuliza: "Je, Mchungaji, si kweli kwamba Mungu aliuangamiza mji ule kwa sababu ya uzinzi wake?" Na mahubiri ya majaribio yakifika, tutausikia tena mji huo umepangwa mstari mmoja na Sodoma na Babeli. Wengine wameiona filamu ya Cabaret ya mwaka 1972. Wanamkumbuka yule msichana mwenye kofia nyeusi na kucha za kijani, anayeimba usiku kilabuni na kulala na huyu na yule. Wanamwita mfano. Wanasema: tazameni, vijana, hivi ndivyo taifa linavyokufa.

Mafundisho haya ni mepesi, yanapokelewa vizuri mimbarani, na si ya kweli. Tena tunaongeza: yanavunja amri ya nane. Tuliotahiniwa Katekisimo Ndogo kabla ya kipaimara tunakumbuka ufafanuzi wa Luther. Haitoshi kunyamaza tu bila kumsingizia jirani. Tunatakiwa kumtetea, kumnenea mema, na mambo yake kuyapokea kwa tafsiri iliyo njema. Amri hiyo haikuandikiwa majirani watakatifu tu. Basi tumchukue yule msichana, tumwondoe kwenye filamu, tumuulize jina lake.

Jina lake lilikuwa Jean Ross. Alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1911, ambako baba yake Mwingereza alifanya kazi ya biashara ya pamba. Alisoma mwaka mmoja katika chuo cha maigizo London, akaacha, akaenda Berlin akiwa na miaka 19 akitumaini kupata kazi ya filamu. Kazi ya filamu haikupatikana. Aliimba katika vilabu vidogo, akapata nafasi ndogo jukwaani katika onyesho la Max Reinhardt mwishoni mwa mwaka 1931. Katika mji huo alikutana na kijana mwingine wa Kiingereza, Christopher Isherwood, aliyemzidi miaka kama saba. Baba wa Christopher aliuawa vitani mwaka 1915. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka chuo kikuu bila shahada, akawa anaandika vitabu ambavyo bado havijasomwa na wengi, na kula kwa kufundisha Kiingereza. Kwa muda Jean na Christopher walikuwa wapangaji katika nyumba moja, Nollendorfstraße namba 17, kwa mama mmoja Mjerumani aliyekuwa na maisha mazuri zamani na sasa anaishi kwa kupangisha vyumba vyake.

Hawakuwa wapenzi. Christopher mwenyewe aliandika wazi uzeeni kwamba Berlin aliwafuata wanaume. Hatufichi jambo hilo, wala hatuandiki hapa kubadili mafundisho ya kanisa letu juu ya ndoa. Tunasema tu lililokuwapo: vijana wawili wageni, mbali na nyumbani, wasio na fedha ya kutosha, wakiazimana sigara, wakichekeshana, wakisikilizana hata usiku wa manane. Ulikuwa urafiki wa muda mfupi. Jean aliondoka Berlin mwaka 1932. Christopher aliondoka Mei 1933, baada ya Hitler kushika serikali.

Katika muda huo mfupi kulikuwa na siku moja ambayo tunaomba msomaji aikumbuke. Jean alipata mimba, akaitoa, na kwa mikono ya daktari asiyejua kazi yake akakaribia kufa. Christopher alikwenda kumtazama hospitalini. Wahudumu walidhani ndiye mwenye mimba, wakamtazama kwa dharau. Lakini alikwenda. Sisi tunaamini kwamba uhai ni wa Mungu tangu tumboni, na hatulegezi neno hilo. Tunauliza swali lingine tu: mkristo gani wa mji ule angefika kwenye kitanda kile? Na sisi tungefika, au tungesubiri apone kwanza ili tumwandikie barua?

Sasa sikilizeni jinsi rafiki huyo alivyolipwa, na jinsi rafiki yake alivyomlipa. Waliporudi London, Jean ndiye aliyemkutanisha Christopher na Berthold Viertel, mwongozaji wa filamu, na hiyo ikamfungulia Christopher kazi ya kuandika filamu iliyomlisha miaka mingi. Naye Christopher aliandika kitabu. Ndani yake aliweka msichana aliyemwita Sally Bowles. Jina la ukoo hakulichukua kwa Jean. Alilichukua kwa kijana mwingine mgeni aliyekutana naye Berlin mwaka 1931, Paul Bowles, Mmarekani aliyekuwa mtunzi wa muziki. Lakini chumba kilikuwa cha Jean, nyimbo zilikuwa za Jean, na ile mimba ilikuwa ya Jean. Mchapishaji aliogopa kushtakiwa, hivyo ilibidi Jean aombwe ruhusa. Alisita, kisha akakubali. Kitabu kikatoka mwaka 1937, kikaingizwa katika Goodbye to Berlin mwaka 1939, kikageuzwa mchezo wa jukwaani mwaka 1951, mchezo wa nyimbo mwaka 1966, na filamu mwaka 1972.

Kila kilipogeuzwa, Sally alizidi kung'aa na Jean alizidi kufifia. Christopher mwenyewe alikuja kukiri kwamba hakumbuki tena alivyomwona Jean siku ya kwanza, kwa sababu waigizaji waliomwigiza Sally walikuwa wamemfunika. Fikirini jambo hilo. Mtu anamweleza rafiki yake mpaka anamsahau.

Na Jean alikuwa nani? Alikuwa mkomunisti. Hatumfanyi mtakatifu, na yeye asingekubali. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania mwaka 1936, yule msichana wa kucha za kijani alikuwa huko, mwandishi wa habari, upande wa Jamhuri, dhidi ya majeshi ya Franco ambayo Hitler aliyasaidia kwa ndege na mabomu. Baadaye alimlea binti yake mmoja bila kuolewa. Alipinga silaha za nyuklia. Alipinga vita vya Vietnam. Alifariki mwaka 1973, na hakuutafutia umaarufu wala fedha ule uhusiano wake na Sally. Waandishi walipomfuata uzeeni wakisema wanataka habari za Berlin, aliona kwamba hawataki kusikia juu ya watu wasio na kazi, wala umaskini, wala Wanazi wakiandamana barabarani. Walitaka idadi ya wanaume. Binti yake, Sarah Caudwell, mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliandika makala mwaka 1986 kumtetea mama yake. Jambo mojawapo lililokuwa limemuumiza mama huyo ni kwamba Sally wa kitabuni anasema maneno ya dharau juu ya Wayahudi, maneno ambayo yeye asingeyasema. Kati ya mambo yote aliyosingiziwa, hilo ndilo lililomchoma. Sisi wahubiri tumeikariri mimba. Hilo la Wayahudi hatujawahi kulitaja.

Hapo ndipo hoja yetu inapoanzia. Tumekuwa tukitafuta dhambi ya Berlin kwenye kucha za msichana, na tumeipita ikiwa imevaa joho la uchungaji.

Tuutazame mji wenyewe. Ujerumani ilishindwa vita mwaka 1918. Mwaka 1923 fedha yake ilikufa. Mtu alipokea mshahara asubuhi, na jioni haukununua mkate. Ikaja nafuu ya miaka michache, kisha mtikisiko wa uchumi ulioanzia New York Oktoba 1929. Mapema mwaka 1932 watu walioandikishwa Ujerumani kuwa hawana kazi walizidi milioni 6. Ni kweli vilabu vilijaa na miili iliuzwa barabarani. Lakini ni nani waliokuwa wakiuza? Wengi walikuwa wavulana na wasichana kutoka nyumba zisizo na mshahara. Na wanunuzi wengi walikuwa nani? Waungwana wenye fedha, na wageni ambao fedha yao ya kigeni ilikuwa na nguvu, miongoni mwao vijana kama Christopher. Tunaopenda kuufananisha mji huo na Sodoma tusome basi Ezekieli 16, mstari wa 49. Nabii anapoitaja hatia ya Sodoma, anaanza na kiburi, shibe, na raha ya watu waliokaa salama bila kumshika mkono maskini. Hivyo ndivyo Biblia inavyosema, na sisi tunairuka kwa sababu mstari huo hauwagusi vijana. Unawagusa wenye shibe, na wenye shibe ndio wanaokaa viti vya mbele.

Na kanisa? Berlin haikuwa mji usio na Injili. Ulikuwa mji wa Kiprotestanti wenye minara kila upande. Misioni ya Berlin, iliyoanza kazi kusini mwa nchi yetu mwaka 1891, ilikuwa na makao yake humo humo, na katika miaka ya 1920 ilikuwa ikituma tena wamisionari Tanganyika. Kwa hiyo tunaposema Berlin tunasema juu ya nyumba ya mama aliyetuzaa, si juu ya kijiji cha wapagani. Septemba 1930 chama cha Nazi kilipanda kutoka viti 12 vya bunge hadi 107. Julai 1932 kilipata viti 230. Maeneo ya Waprotestanti yaliwapigia Wanazi kura nyingi kuliko maeneo ya Wakatoliki. Katika uchaguzi wa kanisa la Prussia Novemba 1932, kabla Hitler hajawa kansela na kabla hakujawa na mtu wa kulazimishwa, kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani, waliotaka kanisa la damu na taifa, lilipata karibu theluthi moja ya viti. Julai 1933 lilishinda kwa kishindo nchi nzima. Na Septemba mwaka huo sinodi ya Prussia, wajumbe wengi wakiwa wamevaa sare za kahawia, ilipitisha kanuni ya kuwaondoa kazini wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Waliopitisha kanuni hiyo hawakuwa waimbaji wa vilabuni. Walikuwa wachungaji na wazee wa kanisa, watu wa ndoa moja, watu wa kufika ibadani kwa wakati.

Walifikaje hapo? Sababu ni nyingi: uchungu wa kushindwa vita, hofu ya ukomunisti, chuki ya Wayahudi iliyokuwa imelelewa kwa karne nyingi, na hata maandiko ya Luther mwenyewe dhidi ya Wayahudi, ambayo sisi tunaojiita kwa jina lake hatuna budi kuyaonea aibu. Lakini sababu moja inatuhusu zaidi leo. Wahubiri wengi walikuwa wamejizoeza kuipima afya ya taifa kwa vilabu. Basi alipotokea mtu aliyeahidi kuvifunga, waliona mkono wa Mungu. Dakika chache kwa miguu kutoka ile nyumba ya Nollendorfstraße palikuwa na kilabu maarufu kilichoitwa Eldorado, mtaa wa Motzstraße. Kilifungwa mwaka 1932. Kufikia uchaguzi wa Machi 1933 ukuta wake ulikuwa umefunikwa na mabango ya Hitler. Kwa kipimo cha wahubiri wale, mtaa ulikuwa umetakasika: hakuna muziki tena, hakuna wanaume waliovaa nguo za kike. Tarehe 1 Aprili mwaka huo huo Wanazi walisimama milangoni mwa maduka ya Wayahudi kuzuia wateja, na makanisa kwa ujumla yalinyamaza. Waliokuja kufagia mji walifagia na watu. Waliwafagia Wayahudi, wakomunisti, wagonjwa wa akili, na wanaume kama Christopher waliopelekwa makambini wakiwa wameshonewa pembetatu ya pinki kifuani. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye hakuwa jirani.

Hata Azimio la Barmen la Mei 1934, ambalo tunalifundisha kwa heshima na tutaendelea kulifundisha, halikuwa na neno moja juu ya Wayahudi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa tunasikia pingamizi, na si la kipuuzi. Mzee mmoja atauliza: "Basi, Mchungaji, unatuambia uasherati si dhambi? Unataka vijana wetu waishi kama wale wa Berlin?" Hapana. Raha iliyonunuliwa kwa njaa ya mtoto wa mwenzako ni dhambi, na Christopher na wenzake hawawezi kuikwepa. Kuutumia mwili wa mtu na kumwacha ni dhambi. Kumtumia rafiki kama malighafi ya kitabu, naye alikufungulia mlango wa kazi, hilo nalo linahitaji toba. Sisi hatufuti amri ya sita ili tuitetee ya nane. Tunasema zote ni amri za Mungu yule yule. Kanisa linalokariri amri moja na kuzisahau tisa halimtii Mungu. Linajichagulia dhambi ambayo wazee wake hawana tena nguvu ya kuitenda.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: "Kama mchungaji hakemei, atafanya nini?" Jibu liko katika mji huo huo, majira hayo hayo. Mwishoni mwa mwaka 1931, Jean alipokuwa akisimama kwenye jukwaa la Reinhardt, mchungaji mmoja kijana wa miaka 25 alipewa darasa la kipaimara katika usharika wa Zionskirche, sehemu ya mji ya maskini. Wavulana walikuwa kama 50, wakorofi, watoto wa watu wasio na kazi. Mchungaji mzee aliyekuwa nao alikuwa ameshindwa. Yule kijana hakuwahubiria kwanza juu ya vilabu. Alihama nyumbani kwao, kwenye mtaa wa wenye nafasi, akapanga chumba karibu na wavulana hao, kwa mwoka mikate. Akawaruhusu waingie jioni bila kubisha hodi kwa barua. Walicheza sataranji, akawafundisha Kiingereza kidogo, akawatembelea wazazi wao katika vyumba vya giza. Kipaimara kilipokaribia alijua kwamba wengi hawana suti, akanunua jora zima la kitambaa ili washonewe. Walibarikiwa tarehe 13 Machi 1932, siku ambayo Wajerumani walikuwa wakipiga kura ya rais na Hitler alikuwa mmoja wa wagombea.

Mchungaji huyo alikuwa Dietrich Bonhoeffer. Wanafunzi wetu wote wanalijua jina hilo kwa sababu Wanazi walimnyonga Flossenbürg Aprili 1945. Wachache wanajua habari ya jora la kitambaa. Sisi tunadhani mambo hayo mawili ni jambo moja. Mtu aliyejua majina ya wavulana 50, na nani kati yao hakula jana, hakuweza kudanganywa kirahisi na mwanasiasa aliyeahidi usafi. Alikuwa amekwisha waona watu. Na alipoandika Aprili 1933 kwamba kanisa lina wajibu kwa kila anayeonewa na serikali hata kama si mkristo, hakuwa anabuni nadharia. Urafiki wake na wavulana wale nao ulikuwa wa muda mfupi, miezi michache tu. Muda mfupi unatosha, kama mtu amefungua macho.

Sasa turudi kwetu, na tuanze na sisi wenyewe, maana hatuna haki ya kuwakemea wachungaji wa Prussia tukijificha.

Katika usharika mmoja tuliouhudumia zamani, binti wa kwaya alikwenda mjini kutafuta kazi. Alirudi baada ya miaka miwili, nywele amezipaka rangi, mtoto mgongoni, hana mume. Baraza la wazee lilikaa. Sisi ndio tuliokuwa kwenye kiti. Hakuna aliyeuliza alikuwa akiishi wapi, alikuwa akila nini, au mshahara wake wa mwisho alilipwa na nani. Tuliuliza jambo moja, na wote mnalijua. Tukamwandikia barua ya kumtenga na meza ya Bwana mpaka arudi kundini kwa kutubu mbele ya usharika. Mzee mmoja aliyeitia sahihi barua hiyo alikuwa amechukua shamba la mjane wa marehemu kaka yake. Kila mtu alijua, na kila Jumapili alipitisha kikapu cha sadaka.

Binti yule hakurudi kundini. Mwaka uliofuata, mama mmoja wa usharika wa jirani alitusimulia habari ambayo hatukuiuliza. Binti wake yeye alikuwa amefia mjini. Aliugua miezi mitatu, na katika miezi hiyo aliyempikia, aliyemwogesha, na aliyekopa nauli ya kumpeleka hospitali alikuwa rafiki aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, waliyefahamiana chini ya mwaka. Rafiki huyo ndiye aliyesafiri na begi la marehemu hadi kwa mama yake, akamkabidhi nguo, Biblia na simu, akakaa naye siku tatu za msiba, kisha akaenda kwao. Alikuwa na nywele zilizopakwa rangi, mtoto mgongoni. Mama yule aliuliza kama tunamfahamu, ili amshukuru.

Tulimfahamu? Tulikuwa tumembariki kwa mikono yetu. Tulikuwa tumemtenga kwa sahihi yetu. Kumfahamu, hatukumfahamu. Mtoto alikuwa wake, na hilo hatukusingizia. Lakini tulichukua jambo moja la kweli juu yake tukaligeuza kuwa yeye mzima, na huo ndio ushahidi wa uongo ambao amri ya nane inaukataza. Christopher alimfanyia Jean hivyo kwa kalamu. Sisi tulifanya kwa muhuri wa usharika. Yeye angalau alikuwa amefika hospitalini.

Katika Luka 7, Simoni Farisayo anamwona mwanamke aliyeingia nyumbani kwake, na kwa haraka anajua ni wa namna gani. Yesu anamuuliza kama anamwona. Swali hilo lilimpata Simoni, likaipata Berlin, na linatupata sisi. Kuna vijana wetu leo wanaolala wanne chumba kimoja Dar es Salaam, Nairobi, Muscat na Dubai. Wengine wao hawatatuandikia kamwe, kwa sababu wanajua swali letu la kwanza litakuwa lipi.

Kwa hiyo tunasema wazi mbele ya usharika. Baraza la wazee lisiandike barua ya kumtenga mtu ambaye hakuna mzee aliyewahi kuingia chumbani kwake na kula naye. Likaeni kwanza swali la mkate, kisha swali la kitanda. Anayeshika shamba la mjane asishike kikapu. Sharika za mjini zitafute angalau chumba kimoja ambacho kijana mgeni anaweza kukiingia jioni bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Na sisi tunaofundisha na kuhubiri, tuache kuwafanya mifano watu ambao hatujawauliza majina yao.

Mwanafunzi akinyoosha mkono tena mwaka huu, tutamjibu hivi: Ndiyo, Berlin ilianguka kwa dhambi. Ilianguka siku za Jumapili, saa za ibada, mikononi mwa watu waliokuwa na hakika kwamba dhambi iko mtaa wa pili. Ee Bwana, utufumbue macho tuwaone waliolala chumba cha jirani, kabla hatujaitwa mbele zako kutoa ushahidi juu yao.